Miaka Thelathini na Moja Bila Jibu Tupu: Mwalimu Enoka Tsongo Anaaga

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018, Mwalimu Enoka Tsongo wa Idara ya Hisabati anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Kasese kwa miaka thelathini na moja. Kwa muda wote huo amefundisha Kalkulasi ya Kwanza bila kuikosa hata muhula mmoja, kozi ambayo wanafunzi wapya huanza kuiogopa kabla hawajaiona. Wahariri wa jarida wameniomba niandike mimi, Mackline Atuhaire, kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja tangu 2003. Nimekubali kwa furaha, ila niliwaambia mapema kwamba sitaandika sifa za matangani. Mtu yuko hai, ana afya yake, na wiki iliyopita tu alinikosoa hesabu mbele ya watu.

Mwalimu Tsongo alizaliwa Bwera mwaka 1958, mtoto wa wakulima wa kahawa. Alifundisha sekondari kwa miaka michache upande wa Muhokya, kisha akajiunga nasi mwaka 1987, wakati idara nzima ilikuwa na walimu watatu na ubao mmoja uliopasuka katikati. Miaka ya tisini, mapigano ya milimani yalipowahamisha watu wengi, familia yake ililala kwa jamaa mjini kwa miezi kadhaa. Yeye aliendelea kufundisha katika ukumbi wa kanisa, na mtihani ukafanyika tarehe ileile aliyokuwa ameitangaza. Aliyemuuliza kama haoni hali ilivyo alijibiwa kwamba hali anaiona vizuri sana, ndiyo maana hataki wanafunzi wapoteze na mwaka pia.

Wanafunzi wake wa zamani wamejaa wilaya hii. Wako wanaopima ardhi, wako wanaopima ubora wa saruji kiwandani, wako walimu kuanzia Bwesumbu hadi Mpondwe. Ukimuuliza yeyote kati yao anakumbuka nini, hatakutajia kanuni. Atakutajia masharti.

Masharti ya kozi ni ukurasa mmoja uliobandikwa mlangoni kila mwanzo wa muhula. Mlango hufungwa saa mbili kamili asubuhi, na aliyechelewa husikiliza akiwa nje dirishani. Simu na kalkuleta huachwa ndani ya kapu karibu na mlango. Mazoezi ya nyumbani unaweza kuyafanya na wenzako, lakini unaandika peke yako, na chini unataja majina ya waliokusaidia. Zoezi lililochelewa halipokelewi, liwe la mtoto wa nani. Saa za ofisi ni Jumatano na Ijumaa mchana, na mimi ni shahidi kwamba alikaa pale hata siku ambazo hakuna aliyekuja, akimenya machungwa na kutazama mlango.

Sharti kubwa kuliko yote lilihusu njia ya kupata jibu. Jibu sahihi lisilo na njia sahihi halikupata maksi hata moja. Alilisema kwa kile Kiswahili chake cha mpakani ambacho chuo kizima hukiigiza: “Jibu iko muzuri. Sasa unionyeshe fasi ulipita,” yaani mahali ulipopita. Wengine walilalamika kwa mkuu wa chuo, wengine wakahamia kozi za biashara. Mwalimu hakulegeza. Aliona kwamba mpima ardhi aliyebahatisha leo atabahatisha na kesho, na kesho kutakuwa na mpaka wa shamba la mtu.

Kuna mchungaji mmoja, simtaji, aliyekuja ofisini kumwombea mpwa wake maksi tatu. Mwalimu Tsongo, ambaye ni mzee wa kanisa, alimpokea kwa heshima zote, akampa chai na mandazi, akamsomea ukurasa mzima wa masharti kwa sauti ya kusoma Injili. Mwisho akamsihi kwamba muhula ujao afike na maombi yake kabla ya mtihani. Mchungaji aliondoka anacheka, na mpwa wake akarudia kozi.

Msije mkadhani alikuwa mkali kwa wengine tu. Mwaka 2014, akitoka nyumbani Bwera na gari lake kuukuu, alikuta tembo wamesimama barabarani Kikorongo, na tembo hawaombwi. Alifika chuoni saa mbili na dakika chache akakuta mlango umefungwa. Tefiro, kijana wa Hamukungu aliyekuwa kiongozi wa darasa, alikuwa ameufunga, kisha akasimama ubaoni kuendeleza somo pale lilipoishia. Mwalimu alikwenda dirishani, akasimama katikati ya wachelewaji wengine wawili, akasikiliza hadi mwisho. Kipindi kilipokwisha aliingia akampa Tefiro mkono mbele ya wote. Nilimtania kuhusu tembo wale mwaka mzima.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo lilinifanya nikubali kuandika. Yunia, binti yake wa mwisho, ameniruhusu nilieleze, na ameniambia nisipunguze chochote.

Yunia ana miaka ishirini na sita. Alifanya kazi ya karani mpakani kwa muda, akachoka kuhesabu magunia ya watu, akaamua anataka kuwa mpima ardhi. Chuo chetu kilimpa nafasi mwaka huu kwa sharti moja: afaulu Kalkulasi ya Kwanza. Anayeanguka ana nafasi moja tu ya kurudia, mwezi Januari. Akianguka tena, nafasi ya upimaji anapewa mwingine. Mwezi Agosti basi Yunia alikaa kwenye darasa la mwisho la baba yake.

Kwa hiyo likamfikia sharti ambalo wengi wetu tulikuwa hata hatulikumbuki. Mwalimu wa kozi hamfundishi mwanafunzi wake nje ya darasa na saa za ofisi, iwe kwa malipo au kwa undugu. Mwalimu Tsongo aliliandika mwenyewe mwaka 2002, wakati baadhi yetu tulikuwa tunauza masomo ya jioni kama karanga. Sasa akaishi nalo nyumbani kwake. Kila asubuhi walisafiri pamoja kutoka Bwera, baba usukani na binti pembeni, wakaongea kwaya, bei ya kahawa na goti la mama, kalkulasi hapana. Jioni Yunia alifanya mazoezi kwenye meza ya kulia chakula, na baba akahamia barazani na redio yake ili asiyaone. Mkewe alininong'oneza kanisani kwamba mume wake haisikilizi hiyo redio, anasikiliza kama mtoto anageuza kurasa.

Jumatano Yunia alipanga foleni ofisini petu kama wengine. Alipata dakika zake kama wengine. Siku moja foleni ilikuwa ndefu na muda ukaisha kabla ya zamu yake. Alifunga daftari, akasema asante, akaondoka. Baba yake alibaki amekaa pale muda mrefu, chungwa mkononi, halimenywi. Mimi nilimwambia wazi kwamba anajitesa bure. Kusema kweli nilikasirika kwa niaba ya mtoto.

Karatasi za kundi la Yunia zilisahihishwa na mwenzetu wa ofisi hiyohiyo, Jonan Karuhanga, kwa kuwa hakuna anayesahihisha ndugu yake. Matokeo yakabandikwa Jumatatu ya wiki hii. Kufaulu ni maksi hamsini, na Yunia alikuwa na hamsini na mbili. Nilisikia vigelegele uani kabla sijafika kuyasoma. Mwalimu Tsongo aliyasoma akiwa amesimama katika msongamano, kama mzazi yeyote, na alipogeuka macho yake yalikuwa na maji. Nilimkumbatia. Miaka kumi na mitano ofisi moja, sikuwahi.

Kila mwanafunzi ana haki ya kuja kuikagua karatasi yake, na anaweza kuja na mtu mmoja amtakaye. Yunia alimleta baba yake. Walikaa kwenye meza ya Karuhanga, mimi nikiwa kwenye yangu najifanya sisikii. Swali la nne lilihusu zizi la mbuzi kando ya mto: una waya wa mita mia moja, mto wenyewe ni upande mmoja, tafuta upana utakaokupa eneo kubwa kuliko yote. Jibu la Yunia lilikuwa mita ishirini na tano, na ndilo jibu. Lakini mstari wa pili alikuwa ameandika kujumlisha mahali pa kutoa, na mstari wa tano alama ya kutoa ikapotea tena, kosa la pili likalifuta la kwanza. Karuhanga, mwenye rundo la karatasi mbele yake, aliona ishirini na tano akatoa maksi zote.

Mwalimu Tsongo aliliona. Ninamjua, kidole chake kilisimama kwenye mstari wa pili na hakikusogea. Kisha akakiondoa, akamrudishia binti yake karatasi, akatazama ukuta. Karatasi ni ya mwanafunzi, na anayeruhusiwa kuipinga ni mwanafunzi. Sijawahi kuuona uso wake vile, hata wakati wa msiba wa mama yake. Nilijua anamwomba Mungu jambo fulani, na sikujua ni lipi kati ya mawili.

Yunia aliisoma tena polepole. Akafika pale. Akamsogezea Karuhanga karatasi.

“Mwalimu, hapa minus ilipotea, na kule chini ikapotea tena. Hizi maksi haziko zangu. Muzitoe.”

Karuhanga masikini alitafuta kila mlango wa kutokea. Alisema matokeo yamekwisha kubandikwa, alisema jibu ni sahihi, alisema watu wasingejua. Yunia alimwambia kwamba yeye anajua. Zikatolewa maksi nne. Hamsini na mbili ikawa arobaini na nane, na jina lake likaandikwa upya kwenye orodha ya watakaorudia tarehe 14 Januari. Alitoka ofisini kichwa juu, akalia nje, nyuma ya tangi la maji, ambako alidhani hatumwoni. Baba yake hakumfuata mara moja. Aliniambia mimi, bila kunitazama, kwamba amefundisha watu wengi sana kozi hii na leo ndiyo amemwona mmoja aliyeielewa. Nami nikalia, na sioni aibu kuliandika hapa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mwalimu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja ya kutubana, kutuchekesha na kutukatalia. Kozi yako nimekabidhiwa mimi, na ukurasa wa masharti utabandikwa Januari bila neno kubadilishwa. Nitalalamikiwa, najua. Nimejiandaa.

Ila kuna jambo moja nimelithibitisha kwa mkuu wa chuo na kwa msajili, ili mtu asije akasema hatukufuata taratibu. Leo saa kumi na moja jioni Mwalimu Enoka Tsongo anakabidhi funguo za ofisi. Kuanzia dakika hiyo si mwalimu wa kozi yoyote, na hana mwanafunzi hata mmoja chuoni hapa. Nimeambiwa na mkewe kwamba meza ya kulia chakula imekwisha kusafishwa, taa imewekwa balbu mpya, na redio imehamishiwa chumbani.

Nenda nyumbani salama, Baba Yunia. Mungu akupe nguvu na miaka mirefu, na jioni ya leo umfundishe mtoto wako.