Mama Nyongeza na Figo Zake

Ndugu waombolezaji, majirani, na wafanyabiashara wenzake wa sokoni, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma nisome maisha yake, ingawa yeye mwenyewe alishanielekeza nisome nini na nisipunguze kitu, na mnajua alivyokuwa mkali wa mizani.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Nyongeza kwa kuwa hakufunga nyama ya mteja bila kuongeza kipande juu ya kilo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, katika nyumba ya kupanga nyuma ya machinjio, akiwa mtoto wa kwanza wa muuza nyama na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari hadi 1982, na walimu walimjua kama mtoto wa maswali, anauliza, anajibiwa, kisha anauliza lile jibu limetoka wapi.

Tarehe 9 Machi 1983 baba yetu, mtu wa miraba minne aliyekuwa akilalamikia kichwa tu, alianguka buchani kisu kikiwa mkononi, damu ikavujia ndani ya kichwa, akafariki siku hiyo hiyo akiwa na miaka arobaini na mitano. Kwa kuwa wiki iliyotangulia alikuwa amegombana na baba mdogo juu ya kugawana bucha, msiba ulipata mchawi kabla haujapata jeneza, baba mdogo akafukuzwa msibani mchana kweupe, na tangu hapo sisi na watoto wake tukawa tunapishana njiani bila salamu. Dada alirithi bucha, akarithi na ugomvi, ila swali la nini hasa kilimuua baba halikumtoka.

Mwaka 1987 aliolewa na fundi seremala, mtu wa maneno machache, jambo lililowafaa wote wawili, wakajaliwa watoto watatu, waliozaliwa 1988, 1991 na 1996. Buchani alikuwa na tabia ya kupasua figo za mbuzi na kuzichungulia kabla ya kuziuza, na akikuta zenye vifuko vya maji alimuuliza mkaguzi wa nyama imekuwaje mbuzi aliyenona vile awe na figo mbovu, naye mkaguzi alimjibu azitupe aache kumchelewesha.

Septemba 2009 alikutwa na presha ya juu sana, na daktari alipomwagiza akapigwe picha ya figo, marehemu alitaka kujua inakuwaje kichwa ndicho kinamuuma halafu achunguzwe kiuno. Picha ilionyesha figo zimejaa vifuko vya maji, ndipo daktari akamweleza taratibu kwamba figo hazitengenezi mkojo tu, bali hupima pia damu inayozifikia, zikiona ni kidogo hutoa kemikali inayoanzisha kubanwa kwa mishipa na kuzuiwa kwa chumvi na maji mwilini, presha ikapanda, sasa vile vifuko vikikandamiza vijishipa vya ndani, figo hudhani damu imepungua kumbe ipo tele, na presha ambayo zimeipandisha hurudi kuziharibu zenyewe. Dada alisema basi figo zake ni kama mteja anayelalamika hajapewa nyama huku kaikalia.

Hata hivyo alirudi nyumbani akawa anajikaangia figo za mbuzi kila asubuhi, kwa chumvi ya kutosha, akiamini figo hujenga figo, hadi kliniki wakakuta presha imezidi, daktari akacheka mpaka akavua miwani, kisha akamwambia kwamba chumvi ndiyo hasa figo zake zinaing'ang'ania. Lakini swali lililompeleka mbali ni la ugonjwa ulikotoka, akajibiwa kwamba kwa kawaida hurithiwa kwa mzazi, mama yetu akapimwa akaonekana mzima, akabaki baba, aliyelalamikia kichwa hadi presha ikampasua mshipa.

Wiki hiyo hiyo dada alikwenda kwa baba mdogo, peke yake, baada ya miaka ishirini na sita, akamweleza yote, na mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amechelewa lakini karibu, chai ipo.

Watoto wake walipimwa, binti akakutwa na vifuko, anatumia dawa na presha yake imetulia, wa pili ni mzima, na kitinda mimba hajakubali kupima, mama yake aliniagiza nilisome na hili. Mwaka 2018 figo zilichoka kabisa, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na tarehe 3 Juni 2023 alifariki hospitalini, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliompikia chakula kisicho na chumvi bila kununa, na wenzake wa sokoni waliomshikia bucha. Tangu juzi nasikia minong'ono nyuma ya hema kwamba ukoo huu una mkono wa mtu, na marehemu alijua mtanong'ona, akaacha neno kwamba hakuna aliyetuloga, tulirithi. Baba mdogo, mwaka ule ulizuiwa hata kufika kaburini kwa kaka yako, leo, kwa agizo la binti yake huyu tunayemzika, udongo wa kwanza utautia wewe.

Dada, jibu ulilotafuta tumelisoma mbele ya watu, pumzika kwa amani.