Daktari Abdulhamid Sikujua na Mwiba wa Mboto

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuchungulia makoo ya watu wa Kisangani, Daktari Abdulhamid Sikujua, mwanzilishi wa Kituo chetu cha Umio hapa Kabondo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ni sikukuu ya uhuru, na ofisi zote zitakuwa zimefungwa. Mwenyewe anasema hakuichagua. Sisi tunaomjua tunaamini aliichagua ili pasiwe na hotuba, ndiyo maana sherehe tumeiweka Jumamosi kabla yake, bila kumuuliza.

Kustaafu huku kumeahirishwa mara tatu. Kila mara uongozi ulikodi viti, na kila mara Daktari alitamka neno moja: bado. Sababu yake ilikuwa na jina, nayo ni Daktari Rolly Bolamba, msaidizi wake wa miaka minane, ambaye kwa maoni ya mwalimu wake hakuwa tayari kuachiwa kazi peke yake. Mwaka huu Rolly amekuwa tayari. Namna alivyokuwa tayari nusura itugharimu mstaafu mwenyewe, na tutaifikia habari hiyo. Kwanza tumpe mzee haki yake.

Alizaliwa mjini hapa katika familia ya Waislamu, mafundi wa kanzu na kofia. Baba yake alitaka arithi cherehani. Alichorithi ni uzi. Kwa wasomaji wetu wasioingia vyumba vya ndani, umio ni ule mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, kitu ambacho binadamu hakikumbuki mpaka siku kinapoziba. Katika miaka ya kwanza, walioziba walikuwa hasa watoto wadogo. Katika komini ya Tshopo, wilaya moja ya mji wetu, akina mama wengi hupika sabuni kwa mafuta ya mawese na soude, magadi makali yanayounguza nyama, na soude ikishayeyuka hufanana na maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Anayepona huota makovu ndani, na njia ya chakula hubaki nyembamba kama mrija wa kalamu.

Daktari aliwapitishia watoto hao uzi puani ukashuka mpaka kwenye tundu alilowatoboa tumboni ili walishwe, kisha kwa uzi huohuo akavuta mipira ya kupanua, mwembamba leo, mnene kidogo wiki ijayo. Kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka mzima kwa mtoto mmoja, naye aliifanya bila kuonekana kuchoka wala kufurahi. Baba yake aliwahi kuja kutazama. Alisema mshono ni mzuri ila kitambaa kimechaguliwa vibaya.

Siku za Jumapili aliwafuata wapika sabuni majumbani. Hakuhubiri. Aliketi, akaomba maji ya kunywa, na glasi ilipoletwa akamwomba mwenye nyumba anywe kwanza. Akina mama walichukia sana. Baada ya miezi kadhaa ya kuchukizwa, wengi walianza kuweka soude kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, mbali na vyombo vya kunywea. Watoto waliokuwa wakijaza wodi yetu sasa huja mmoja mmoja, na kila anayekuja humuuma Daktari kama tusi alilotukanwa yeye.

Kuhusu utafiti wake, inafaa isemwe hapa kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa kipimo cha lituma. Wataalamu wa nje hupima ugumu wa kumeza kwa namba. Daktari aliona namba haimwambii mama chochote, akapanga ngazi zake: maji, uji, fufu, na juu kabisa lituma, ndizi na muhogo vilivyopondwa pamoja, kwa kuwa hakuna mtu wa Kisangani anayejiona amepona kabla hajameza lituma. Jarida moja la Ulaya lilirudisha makala likiuliza jina la kiwanda kinachotengeneza lituma na uzito wa kawaida wa tonge moja. Alijibu kwa adabu kwamba kiwanda ni mke wake, Mama Khadija, na kwamba uzito hutegemea kama wamegombana. Makala haikuchapishwa. Ile ya pili, yenye namba, ilichapishwa, na hapa kazini hakuna anayeitumia.

Vijana wasiojua tulikotoka waelewe pia kwamba chombo chetu cha kwanza kilikuwa bomba la chuma lenye taa, na Daktari alilala nalo nyumbani kwa hofu ya wezi. Alilisafirisha kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli, bomba limelala mapajani. Siku moja karibu na Kapalata askari walimsimamisha wakitaka kujua ni silaha ya aina gani. Alieleza kwamba inaingia mdomoni. Maelezo hayo hayakusaidia. Alikaa juani hadi alasiri, mpaka askari mmoja akamuuliza pembeni kama bomba hilo laweza kutoa mfupa wa mbuzi. Kesho yake askari huyo alikuja kliniki na mfupa ukatolewa, na tangu hapo toleka ya Daktari ilipigiwa saluti.

Sasa tufike kwenye tonge.

Watu wetu wana dawa moja ya mwiba wa samaki. Ukikwama kooni, unafinyanga tonge kubwa, unalimeza zima bila kutafuna, tonge linausukuma mwiba chini. Mara nyingi husaidia, na ndiyo hatari yake. Isiposaidia, tonge huuzamisha mwiba kwenye nyama ya umio, mahali ambapo mshipa mkuu wa damu unapita jirani. Daktari alitumia miaka ya kazi yake kuwafuatilia watu waliokwama na kuthibitisha jambo hilo. Alikwenda hata kwa wavuvi wa Wagenya pale maporomokoni, akawaeleza kwa michoro. Walimsikiliza vizuri, wakampa samaki. Mvuvi mmoja, Papy, alimwambia: "Papa Docteur, tonge iko dawa ya bankoko, ya babu zetu. Weye uko na dawa ya nani?" Daktari alirudi na samaki wake, akabandika mlangoni kwetu karatasi yenye maneno haya: MWIBA UKIKWAMA, USIMEZE KITU, NJOO.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani ya mwaka huu, Daktari alikuwa mgeni wa heshima katika harusi ya Malika, binti wa mdogo wake. Palikuwa na mboto wa kuchemsha, samaki mtamu ambaye Mungu alimjaza miiba ili watu wale kwa adabu. Katikati ya mlo Daktari aliacha kuzungumza. Akanyoosha mkono kwenye sahani ya lituma, akafinyanga tonge la ukubwa wa yai la bata, akalimeza zima.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu mkuu asiyejisikia mwenyewe.

Jumatatu alifika kazini mapema kama kawaida, ila hakumfokea mtu, na hilo peke yake lilitutia wasiwasi. Mama Alphonsine, muuguzi mkuu, alimwona akitema mate kwenye leso. "Papa Docteur, iko nini? Unatema kila saa." Daktari alijibu kwamba iko sauti tu, alisema sana kwa ndoa. Mama Alphonsine alitoka nje akampigia simu Mama Khadija, naye hakuhitaji kuulizwa mara mbili. "Alimeza tonge muzima, mbele ya bibi-harusi! Nikamuambia, weye si ndiyo unakatazaka watu? Akaniangalia tu, macho inatoka machozi."

Picha ilipigwa. Daktari aliishika mwenyewe dirishani na kuisoma kwa sauti, kana kwamba ni ya mtu mwingine: mwanamume, mtu mzima, mwiba umelala kingamo jirani kabisa na mshipa mkuu, homa imeanza, mgonjwa amechelewa kuja. Alikunja midomo kidogo. "Wa namna hii mimi ningemufokea," alisema, akaenda kuketi kwenye benchi la wagonjwa.

Tulijua sote hesabu yake, maana yeye ndiye aliyetufundisha. Mwiba wa namna hiyo hausubiri. Siku yoyote waweza kutoboa, na ukitoboa hapo hakuna cha kufanya ila kuita ndugu. Ndege ya Kinshasa ilikuwa Alhamisi, na kwa ndege zetu Alhamisi ni matumaini tu. Mganga hajigangi. Katika mji mzima mikono iliyoweza kuingia pale na kutoka na mwiba ilikuwa ya watu wawili, mmoja wao ameketi kwenye benchi na leso, na mwingine ni Rolly, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kushika bomba bila vidole viwili vya mwalimu juu ya kiwiko chake. Ndivyo Daktari alivyofundisha. Alisimama nyuma yako, akaweka vidole viwili kwenye kiwiko, na ukienda haraka vinabonyeza.

Niliogopa, na sioni haya kuandika hivyo. Mimi ndiye ninayelaza wagonjwa usingizi, na nimelaza wengi, lakini sijawahi kumlaza mtu ninayempenda kama baba huku nikijua kwamba asipoamka kituo kizima kitakuwa kimekufa naye. Rolly aliogopa zaidi. Alisimama mbele ya benchi, mikono mfukoni ili tusiione.

"Papa, mimi siwezi. Nikikosea?"

"Ukikosea, bon, utaandika article."

Daktari alitema kwenye leso, na safari hii damu ilionekana. Akaikunja leso upande wa pili, akasema polepole, maana kila neno lilimuuma: "Petit, ukikosea, utakosea vile mimi nilikufundisha. Donc kosa iko yangu. Twende."

Aliingia kwa miguu yake. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikawashwa. Akiwa kitandani alitoa maagizo kuhusu taa, kuhusu kimo cha kitanda, kuhusu namna ninavyoshika sindano, na dawa ilipoanza kumwingia alimgeukia Rolly, akasema: "Petit, usi..." Akalala. Rolly alisubiri kidogo, kama mwanafunzi anayengoja sentensi imalizike. Alikuwa anakataza nini, hatujajua hadi leo. Mwenyewe anasema hakumbuki.

Bomba lilishuka. Nilimtazama Rolly kiwiko, na kwa jinsi alivyokishikilia mbali na mwili niliona kwamba anangoja kubonyezwa. Hakuna aliyembonyeza. Akaenda polepole kuliko nilivyowahi kumwona, polepole hata Mama Alphonsine akaanza kusali kwa sauti ya chini. Aliuona mwiba, akaushika upande mmoja, akauachia. Akaugeuza ulale kwa urefu wa umio, akaushika tena, akauingiza ndani ya bomba, akavitoa vyote pamoja. Hakukuwa na damu. Aliuweka kwenye sahani, akakagua njia nzima mara ya pili, kisha akatoka nje kwenye ukumbi akalia kama mtoto. Mama Alphonsine alimfuata ili kumnyamazisha, wakalia wote wawili. Mimi nilibaki na mgonjwa, na kwa bahati nzuri mgonjwa alikuwa amelala.

Alipoamka aliomba aonyeshwe mwiba. Aliutazama kwa muda mrefu. "Iko kadogo," alisema, akafumba macho.

Kwa siku kadhaa alilishwa kwa mpira, hakufurahia. Kisha aliagiza kwamba aingizwe kwenye utafiti wake wa tonge kama mgonjwa mwingine yeyote, kwani kumwacha nje kungekuwa udanganyifu. Imeandikwa basi: kazi ya mgonjwa, daktari. Je, mgonjwa alikuwa amepata mafunzo kuhusu hatari ya tonge? Ndiyo. Yalitolewa na nani? Na mgonjwa. Papy wa Wagenya alipopata habari alikuja kumpa pole, na kwa heshima ya hali yake hakuleta samaki. Alileta ndizi mbivu.

Aliporudi kazini tulidhani mambo yataendelea kama zamani. Asubuhi ya kwanza aliletwa mtoto kutoka Opala, amesafiri siku nyingi mtoni kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, mapajani kwa mama yake, amekwamwa na kipande cha mfupa, mate yakimtiririka. Rolly alinawa mikono, akavaa, akashika bomba. Halafu, kwa mazoea, akabaki amesimama, kiwiko nje, akingoja. Daktari alikuwa mlangoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akamtazama Rolly. Akamwambia yule mama: "Mama, usiogope. Uyu docteur alishaka kunifanyia mimi." Akatoka, akafunga mlango kutoka nje, akaketi ukumbini na wazazi wengine. Siku hiyohiyo aliuambia uongozi ukodi viti.

Daktari Abdulhamid, tunakushukuru kwa watoto wa Tshopo wanaokula, kwa askari, kwa lituma, na kwa kutufokea bila ubaguzi. Mama Khadija, tunakurudishia mume wako akiwa mzima, na tunaomba ukague samaki wake kabla hajamfikia. Uwe na miaka mingi ya kukaa barazani, Papa, na kutafuna bila haraka. Na ukikwama tena, usimeze kitu. Njoo ugonge, Daktari Rolly atakufungulia.

Léon Lifoli, muuguzi wa usingizi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo