Jina Ambalo Mpiga Mbiu Hakulisoma

Mpiga mbiu wa Mfalme amekwisha kuvisoma vyeo vya marehemu, na watumishi wake wamekwisha kuzivunja fimbo zao na kuzitupa kaburini kama desturi inavyotaka. Vyeo vilikuwa vingi, na hakuna hata kimoja alichokiomba. Sasa yasomwe maisha yake, kama mwenyewe alivyoagiza, na mwana wa kambo aliyelelewa naye.

Bibi Ankaret wa ukoo wa Tudor alizaliwa tarehe 3 Mei 1499 katika nyumba ya Stokely, karibu na mji wa Ludlow. Alikuwa mtoto pekee wa binamu yake Mfalme. Mama yake alifariki kwa uzazi, naye akanyonyeshwa na Maud Pryddin, mke wa mfuga nyuki, ambaye yuko nasi leo. Hakuzaliwa binti mfalme, alifanywa. Mfalme alikuwa na mikataba mingi kuliko mabinti, hivyo marehemu alipotimiza miaka kumi na mmoja ilitangazwa kwamba tangu siku hiyo ataitwa Binti Mfalme.

"Sasa nitaongezewa nini?" alimuuliza Maud.

"Utaongezewa watu wa kukutazama ukila, mwanangu."

Masomo yake aliyapata kwa Padri Hamnet Osgood, aliyemfundisha Kilatini, hesabu na kuimba. Vitenzi alivijua kama mtoto wa mwokaji anavyoujua unga. Siku moja padri alimtaka avitaje vitenzi katika wakati ujao, akakataa katakata.

"Wakati ujao ni wa watu walioshiba, Padri," alisema. "Mimi nina njaa sasa."

Padri alicheka hadi akalazimika kuketi. Jambo hilo linatajwa hapa kwa sababu baadaye wakubwa fulani walidai kwamba msichana yule hakujua tofauti ya vitenzi viwili.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi kijana aliyewafundisha farasi, Wymond Carrow, mwana wa pili wa bwana mdogo wa parokia jirani, mwenye jina zuri na paa linalovuja. Walipendana. Wala hawakupendana kwa siri kubwa, maana kila mpishi wa Stokely alijua. Sheria ya Kanisa letu, kila aliyeketi hapa anaijua. Mwanamume na mwanamke wakiambiana "nakuchukua", wameoana, hata kama wako zizini bila padri. Wakiambiana "nitakuchukua", wameahidiana tu, na ahadi huvunjwa na yeyote mwenye nguvu za kuivunja. Ndoa nzima imesimama juu ya silabi moja.

Tarehe 29 Septemba 1515, siku ya Malaika Mikaeli, katika ghala la matofaa la Stokely, Wymond Carrow alisema, "Ankaret, nakuchukua kuwa mke wangu." Naye akajibu, "Wymond, nakuchukua kuwa mume wangu." Maud alikuwapo, aproni yake imejaa matofaa, akayaachia yote yakamwagika.

Kazi ya marehemu, kwa maana ya kazi aliyopewa na wakubwa, ilikuwa moja tu: kuolewa. Mwaka 1516 alipangiwa Mtawala wa Valmere, ng'ambo ya bahari, mzee wa miaka hamsini na minane aliyekwisha kuzika wake watatu. Lakini uvumi wa ghala la matofaa ulikuwa umefika barazani kwa Mfalme, na uchunguzi ukafanyika Ludlow mbele ya askofu. Kabla marehemu hajaingia chumbani, mshauri mmoja wa Mfalme alimsimamisha mlangoni.

"Binti Mfalme," alimwambia kwa upole, "mtu anayeoa damu ya Mfalme bila ruhusa ni mhaini. Mhaini hunyongwa. Kichague vizuri kitenzi chako."

Aliingia. Askofu akamuuliza alisema nini siku ile.

"Nilisema nitakuchukua, Baba Askofu."

Padri Hamnet alikuwa chumbani humo, akainamisha uso. Mwanafunzi wake alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameutumia wakati ujao kwa hiari.

Kisha akaitwa Wymond. Hakuna aliyemwambia kilichokwisha kuapwa, naye akasema kweli yote, akiijua adhabu yake.

"Kijana," askofu alimwambia, "wewe ni fundi wa farasi, si wa sarufi. Ulisikia vibaya. Nenda nyumbani."

Hakunyongwa. Alichekwa. Kuanzia siku hiyo, kila alipopita na farasi sokoni, watumishi wa mabwana walimwita Bwana Nakuchukua. "Bwana Nakuchukua, farasi huyo umemchukua au utamchukua?" Waliokuwa wakisema hivyo wamo humu kanisani, na leo wamevaa nyeusi.

Ndoa na Valmere ilifungwa kwa wakala, kama wakubwa wanavyofanya. Marehemu alilazwa kitandani mbele ya baraza zima, na balozi wa Mtawala, mzee mwenye aibu, akavua soksi moja na kuugusa mguu wake kwa mguu mtupu. Wakaandika kwamba ndoa imekamilika.

"Bwana Balozi," marehemu alimwambia, "mguu wako una baridi kweli. Mwambie bwana wako kwamba na mimi nimepoa."

Mabwana wakacheka, wakamsifu kwa uchangamfu wake. Hakuwa anatania.

Alivuka bahari, akamuuguza Mtawala yule kwa heshima hadi alipofariki, bila mtoto, mwaka 1518. Aliporudi Stokely mwaka uliofuata, Wymond alimngoja uani. Mabibi wawili wa barazani walikuwa nyuma ya marehemu wameshika pindo la gauni lake.

"Bibi, nina swali moja tu," Wymond alisema. "Nilisikia vibaya?"

"Ulisikia vizuri, Wymond."

"Basi kwa nini?"

"Afadhali uwe hai unichukie."

"Siwezi kufanya yote mawili," alisema Wymond. "Hilo la pili limenishinda."

Mabibi wale walilifikisha kila neno. Mshauri yule wa mlangoni akaja tena, na kamba yake ileile ya kunyongea mdomoni. Tarehe 14 Juni 1520 marehemu aliozwa kwa Lord Lionel Brackenthwaite, mlinzi wa mpaka wa kaskazini, mjane mwenye watoto wawili. Lord Lionel hakuwa mtu mbaya. Alipewa mke kama wengine wanavyopewa mbwa wa kuwindia, akashukuru. Mwanawe anayesema haya alimpenda baba yake, na hatamsingizia mazuri wala mabaya.

Watoto wale marehemu aliwalea kama aliowazaa. Aliwafundisha kusoma, kupanda farasi na kutosema uongo kwa watumishi. Mtoto akitumwa jambo akajibu "nitafanya", marehemu alimwambia, "Katika nyumba hii hatukitumii kitenzi hicho." Walidhani ni mzaha wa mama. Walikuwa watu wazima walipoelewa.

Lord Lionel alifariki mwaka 1531. Udongo haujakauka kaburini, barua ya Mfalme ikaja na jina la mume mwingine. Marehemu aliahirisha kwa kila udhuru, hadi mwili wenyewe ukampa udhuru wa kweli. Kifua kilimshika Februari mwaka huu. Waganga walimtoa damu mpaka akawaomba wambakizie kidogo. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba aliwaita watu wote wa nyumba, pamoja na Wymond Carrow, ambaye alikuwa ametumiwa mjumbe Stokely siku kadhaa kabla. Alikuja na matope ya safari, kofia mkononi.

"Nataka neno nililolisema ghalani lisemwe kaburini," marehemu alisema. "Mimi hawawezi kuniozesha tena. Lakini wewe watakunyonga, Wymond."

"Wamenicheka miaka kumi na saba, Ankaret. Kunyongwa ni siku moja tu. Lisemwe."

Maud akadakia, "Na mimi nilikuwapo. Mtu asiniambie kwamba sikusikia. Matofaa yangu yote yalipondeka."

Marehemu alicheka, na kicheko kikamkohoza. Mbele ya wote aliapa kwa roho yake kwamba alisema "nakuchukua". Aliaga dunia siku ya pili, tarehe 17 Novemba 1533, asubuhi ya baridi kali, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Mkono wake ulikuwa katika mkono wa Wymond.

Kwa hiyo yaliyofanyika kwa soksi ya balozi hayakuwa ndoa. Wala ya kaskazini haikuwa ndoa, na watoto wa Lord Lionel wanalikubali hilo hadharani. Wakubwa waliolijua hili tangu mwanzo wako viti vya mbele. Wasimame sasa waseme kwamba sarufi ilikosewa.

Marehemu ameacha watoto wawili wa kambo, Gervase anayesoma haya, na dada yake Thomasin. Mlezi wake, Maud. Mwalimu wake, Padri Hamnet, ambaye haoni tena lakini anasikia. Na mume, Wymond, aliyeketi benchi la mwisho karibu na mlango, na ambaye hana haraka ya kutoka.

Mpiga mbiu aliliacha jina moja. Apumzike kwa amani Ankaret Carrow.