Orpha Osumaka, Mama Aliyekagua Bidon za Watu

Ndugu, majirani na rafiki, asanteni kwa kufika. Anayewasomea habari hizi ni Désiré, mdogo wake marehemu.

Dada yetu Orpha, niliyemwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa papa Osumaka, mvuvi, na mama Clémence. Shule ya msingi aliisoma palepale. Kisha aliletwa Kisangani kwa tonton wetu, mjomba, akapata diploma ya ualimu mwaka 1998. Tangu mwaka ule hadi juma lililopita alifundisha darasa la tatu hapa mjini, komine ya Tshopo.

Mwaka 2016 kuhara kuliua watoto wawili wa darasa lake, naye akajiandikisha kuwa mjumbe wa afya wa mtaa. Mnajua wenyewe: bomba zetu hukauka majuma mazima, na kila nyumba huweka maji ya kunywa katika bidon, madumu haya ya plastiki. Orpha aliingia nyumba kwa nyumba na kijiti chenye kitambaa cheupe, akasugua bidon kwa ndani, akamwonyesha mwenyewe ule utelezi wa kijani. "Mama, hii ndiyo watoto wako wanakunywa." Siku ya ndoa ya mpwa wetu alikagua mapipa ya maji kabla ya kumsalimu bibi arusi. Watu walicheka. Naye alicheka, lakini pipa moja alilimwaga.

Alifunga ndoa na shemeji Émile Litele, seremala, tarehe 6 Desemba 2003. Walijaliwa Aurélie, Carlos na Chance. Nyumba yao haikuwa na mali, ila sijawahi kusikia mtu akipigiwa kelele mle ndani.

Sasa ugonjwa. Mimi ni mlinzi katika shamba la kakao. Mwezi wa Januari nilichukua huko bidon mbili za bluu zilizokuwa na dawa ya wadudu. Nilizisuuza mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikazianika juani mpaka harufu ikaisha. Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 nilimpelekea.

"Désiré, mbele ya kuniletea, hii ilikuwa na nini?"

"Mafuta ya kupika, yaya."

"Kweli?"

"Yaya, mi naweza kukudanganya?"

Alinusa mdomo wa bidon, akanishukuru. Nilijua angezikataa kama ningesema kweli, na nilitaka angalau mara moja nimletee kitu kizuri.

Jumapili asubuhi alikunywa wa kwanza. Alisema maji ni machungu, akawazuia watoto. Saa nzima haikupita: jasho, mate, kutapika, pumzi kukatika. Hospitalini daktari aliuliza mara nne, "Amekunywa nini?" Nilikuwa nimesimama pale. Niliona haya mbele ya shemeji, nikanyamaza toka saa tatu hadi saa saba. Niliposema, walibadili dawa mara moja. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Ungesema asubuhi."

Carlos alikimbia kwa jirani yetu, mama Zaina, ambaye Orpha alikuwa amemgawia bidon ya pili. Ilikuwa imejaa, haijaguswa. Carlos aliimwaga, akaipasua kwa panga. Mama Zaina alilia kwa hasira: "Sasa nitachota na nini?"

Orpha alifariki Jumatatu tarehe 10 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Katika karatasi ya kwanza niliandika kwamba Bwana alimwita. Shemeji Émile alikata mstari ule kwa kalamu ya bic. "Bwana hakumuita, Désiré. Andika bidon. Na usome wewe."

Ameacha mume, watoto watatu, mama yetu Clémence, wanafunzi hamsini na wawili, na mdogo mmoja.

Mungu ampokee yaya Orpha, ampe amani. Yangu siiombi leo.