Mkono wa Zuwena Haukuvimba

Jumanne, tarehe kumi na tatu Juni, mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja. Shikeni siku hiyo, wasikilizaji wapendwa. Ni siku watu wa Rumonge walipopangwa mstari ufukweni, wakachanjwa. Ni siku mambo yalipoharibika, na hakuna mstarini aliyejua kwamba yameharibika.

Amahoro kwenu nyote mulioko karibu na redio. Leo tunamkumbuka Zuwena, muke wa Nasoro, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Wakati huo Wadachi ndio walikuwa wakitawala upande wetu huu. Ng'ambo ya ziwa walikuwa Wabelgiji. Na ng'ambo kulikuwa na ndui.

Ndui, wasikilizaji. Nyinyi vijana hamuijui, na Mungu awanyime kuijua. Watu wa mitumbwi walileta habari: kule mjini Baraka, ng'ambo, kuna nyumba zinachomwa moto na vyombo vyake ndani. Watu Rumonge waliacha kupeana mikono. Ukikohoa sokoni, nafasi inafunguka mbele yako.

Na hukohuko Baraka ndiko mama yake Zuwena alikuwa amefariki. Si kwa ndui, kwa uzee tu. Zuwena alitaka kufika kabla ya arobaini. Lakini mabwana wa serikali walitoa amri: hakuna kuvuka ziwa bila alama ya chanjo mkononi. Askari anasimama penye mitumbwi, anakunja mkono wa nguo yako, anatazama. Ukiwa na alama, panda. Huna, rudi nyumbani.

Basi Zuwena akaenda mstarini. Nasoro alimsindikiza, lakini yeye hakuchanjwa. Alikuwa ameugua ndui utotoni, uso wake wote mashimo. Zuwena alimtania mbele za watu: "Weye ndui ilishakula kwako ikashiba. Mimi ndiyo bado inanitafuta."

Watu wakacheka. Nasoro naye akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho alichokikumbuka.

Karani wa serikali alikuwa na vichupa vyembamba vya dawa, na kisu kidogo. Chale tatu juu ya mkono, dawa inapakwa, anaitwa mwingine. Hakusema neno. Hakusema mkono lazima uvimbe, utoe lengelenge, ndipo ujue dawa imeshika. Hakusema usipovimba urudi uchanjwe tena. Narudia, wasikilizaji, maana hapa ndipo pana uzito: hakuna aliyeambiwa.

Zuwena akarudi nyumbani kwa shangazi yake, Bibi Sikuzani. Kwetu huku, mutu akichanjwa chale, anapakwa mawese ya moto kidogo ili kidonda kisioze. Ndivyo walivyofanya tangu zamani. Bibi Sikuzani akapasha mawese, akampaka binti wa kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Chale zikakauka vizuri. Mkono haukuvimba hata kidogo.

"Tazama," shangazi akasema, "mkono mzuri kama wa mutoto."

Zuwena hakufurahi. Alimuuliza mume wake, "Nasoro, hii dawa itanikinga kweli? Mbona siisikii?"

Nasoro akamjibu, "Serikali yote hii, na bunduki zake, itashindwa na ndui? Nenda umlilie mama yako."

Askari ufukweni alikunja nguo, akaona alama tatu, akasema panda. Zuwena akavuka. Mutoto wao Mariyamu, bado ananyonya kidogokidogo, alibaki kwa Bibi Sikuzani.

Arobaini ilisomwa. Zuwena akarudi. Mtumbwi ulipokaribia Rumonge, Nasoro alimuona amejikunja katikati, anatetemeka jua likiwaka. Alipofunua kitambaa, upele ulikuwa tayari kwenye paji la uso.

Askari hakumruhusu kukanyaga mji. Akapelekwa kwenye kibanda cha kutengea wagonjwa, nje ya mji upande wa Gatete, peke yake. Ni nani angemfuata? Nasoro peke yake, mwenye uso wa mashimo. Alimpa maji, alimgeuza, alimfukuzia inzi. Uso aliouoa hakuuona tena.

Mjukuu wao, Mama Riziki, yuko hai, anakaa hapa Rumonge. Alituambia hivi: "Mama yangu Mariyamu alikuwa analilia titi. Babu alisikia Zuwena akisema, 'Usimlete. Hata nikimuita, weye usimlete. Nikisema mulete, si mimi, ni homa.' Na kweli alimuita. Usiku na mchana alimuita. Babu aliziba masikio, akalia."

Hakumleta. Mariyamu aliishi. Zuwena alifariki, na Nasoro alimuosha na kumzika yeye mwenyewe, maana waoshaji walikataa. Siwalaumu. Nani asiyeogopa?

Lakini karani ninamlaumu, na waliomtuma. Maana alifika pale kwa Bibi Sikuzani, akasimama mbali, akapaza sauti majirani wote wasikie: "Ni nyinyi mulimuua! Mumepaka mafuta juu ya dawa ya serikali!"

Bibi Sikuzani alikaa chini palepale mlangoni. Toka siku hiyo hakutia tena mawese kwenye chungu chake. Rumonge hii, nchi ya michikichi! Alikula chakula cha kuchemsha, bila mafuta, na hakumwambia mtu kwa nini. Watu walijua.

Mvua za kwanza zilipoanza, mstari ukaitwa tena. Wote, hata wenye alama. Hamissi mpiga kasia alichekesha watu: "Mukono huu ni wangu ao wa serikali? Munauchanja kila mukitaka!" Hamissi hakupaka mawese ile mara ya kwanza, na mkono wake haukuvimba. Mara hii ulivimba, ukatoa usaha, akalala na homa siku mbili.

Nasoro aliona. Akaenda kwa karani, akamuuliza kwa adabu, kofia mkononi, "Bwana, ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

Karani alikuwa anafunga sanduku. Akasema bila kumtazama, "Ile ilikuwa imeshachoka kwa joto."

Imechoka! Kama vile punda. Nasoro akakimbia kwa shangazi kumpelekea habari hiyo. Bibi Sikuzani alisikiliza, halafu akauliza, "Na kama ilikuwa nzima kidogo, mafuta yangu je?" Yule bibi alikufa na chungu chake kikavu.

Kwako Mama Riziki, na kwa ukoo wote wa Nasoro na Zuwena, tunawapa pole. Miaka mingi imepita, lakini pole haizeeki. Na nyinyi munaovuka, munaokwenda ng'ambo kwa biashara, kwa harusi, kwa msiba, munaopanda ndege: chanjweni. Nasema chanjweni. Lakini mutoa chanjo msimuogope. Muulizeni: hii dawa imehifadhiwa wapi? Nitajuaje kama imeshika? Isiposhika nirudi lini? Akikasirika, muulizeni tena. Zuwena hakupewa nafasi ya kuuliza.

Kesho yake baada ya kusikia kwamba dawa imechoka, Nasoro alirudi kwa karani. Hakuvua kofia. Alitaka kujua jambo moja tu, na alilitaka mpaka Wadachi wakaondoka, mpaka Wabelgiji wakaingia, mpaka naye akaingia kaburini: siku ile askari anakunja nguo ya Zuwena, anasema panda, huko juu kwa wakubwa walikuwa wameshajua kwamba dawa imekufa?