Makaa ya Mashudu

Gari la Kisaju lilipotoka Kitengela, kijana aliyekaa karibu nami alimwonyesha mama aliyekaa upande wake wa pili kitofali cheusi. "Yeiyo," akamwita mama kwa Kimaasai, "haya ni makaa ya mashudu, yale makapi ya alizeti yanabaki wakikamua mafuta. Tunayachoma kwa moto mkali ndani ya pipa lililofungwa, hewa isiingie. Hayana moshi, na hakuna mti umekatwa."

Nilifurahi kimoyomoyo, nikaona misitu yetu yote imeshapona.

"Mashudu unatoa wapi?" mama akauliza.

"Pale kwa kinu cha mafuta. Ilikuwa takataka tu, nikanunua yote."

"Kumbe ni wewe! Mimi natoka huko na magunia tupu. Ng'ombe zangu zinakula hiyo takataka tangu nyasi ikauke."

Kijana akaeleza habari za tabianchi na vizazi vijavyo.

"Na ndama yangu ni kizazi gani?"

Gari likasimama Kisaju. Kijana, kwa roho safi kabisa, akampa vitofali viwili vya bure apikie chai. Mama akavipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Maji nitachemsha. Maziwa utaniletea wewe."