Mijakaranda Kumi na Miwili ya Jumba la Serikali

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, kwa niaba ya familia nimesimama hapa, mimi binti yake wa kwanza, kuwasomea maisha ya baba yetu, mtunza bustani, ambaye wenzake kazini walimwita Bwana Mkasi.

Baba alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi nyuma ya stesheni kuanzia 1957 hadi 1964, ambako, kwa maelezo ya shangazi aliyeketi hapa mbele, hesabu zilimpiga chenga lakini kwenye bustani ya shule hakuna aliyemfikia.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa kufagia majani katika bustani ya Jumba la Serikali, akapanda ngazi taratibu hadi kuwa msimamizi mwaka 1986, na miaka yote hiyo hakushika futi kamba, alipima matuta kwa nyayo zake, kisigino kikigusa vidole, na vibarua wote walipima kwa mguu wake, hata alipokwenda likizo ilibidi awaachie kiatu kimoja.

Tarehe 21 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na mama, aliyetutangulia mwaka 2015, alizoea kutania kwamba ana wake wenza kumi na wawili, maana mijakaranda ile kumi na miwili ya bustanini, iliyopandwa na mkuu wa kwanza wa nchi, ndiyo baba aliyoiaga mwisho kila jioni.

Mwaka 2006 aliingia mkuu mpya wa nchi, akataka miti hiyo ikatwe upatikane uwanja wa mawe wa kupokelea wageni, wapinzani wake wakaitetea miti kwa sababu tu ilipandwa na mtu wao, ikaundwa kamati ya watu tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika jembe, na kamati ikahitaji karatasi ya mtaalamu inayosema mizizi imeoza, ili ugomvi uishe. Tarehe 17 Oktoba baba aliitwa ofisini, akaketishwa kwenye kochi, akaahidiwa kwamba yeye ndiye atakayesimamia bustani mpya, akatia saini karatasi ile. Miti ilikatwa ndani ya siku nne, mashina yakaonekana meupe, mazima, yakitoa maji, na mwezi uliofuata akapewa barua ya kustaafu.

Kuanzia hapo baba yetu aliishi nusu nyumbani na nusu kule bustanini, kila Januari aliandika barua kuomba aruhusiwe kuingia afagie tu, bila malipo, na kila mara alijibiwa kwamba ombi lake linafanyiwa kazi, naye msimu wa maua ulipofika alikaa barazani, nasi tulijua yuko wapi.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 3 Mei, na tarehe 19, saa kumi alfajiri, akafariki akiwa ameshika mkono wangu.

Ofisi yake ya zamani imetuletea shada kubwa, tunashukuru, na jana iliomba kuiona historia hii mapema, ikairudisha ikiwa imefutwa ile sehemu ya saini na kuandikwa juu yake kwamba alistaafu kwa heshima. Nimeisoma kama alivyoniagiza wodini, kwa sababu alisema hawezi kulala akiwa ameisingizia miti ugonjwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotupikia na kutubebea maji wiki nzima, na vibarua wenzake wa bustanini, ambao najua wengi wenu mlimlaumu, na mlikuwa na haki, lakini leo mmekuja.

Baba, miti ilikuwa mizima, nimewaambia wote. Sasa lala, upumzike kwa amani.